Mapendekezo "yaliyobinafsishwa": kwani yalikuwa ya serikali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri aplikesheni ya duka moja la mtandaoni iwe ya Kiswahili. Kuna sehemu mteja anachagua vitu anavyovipenda, halafu kuna sehemu duka lenyewe linamwonyesha bidhaa kulingana na alivyonunua nyuma, mahali alipo na saa yenyewe. Mwenzangu kaandika "Mapendeleo" kotekote. Mimi nasema hiyo ya pili iwe "Mapendekezo yaliyobinafsishwa". Nani yuko sahihi? Na programu inayojua mteja yuko wapi na ni saa ngapi, tukisema "inatambua muktadha" ni sawa? Bosi anataka maneno ya kitufe wiki hii. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tumalize kwanza la mwenzako maana ni fupi. Mapendeleo ni yale mteja anayoyapendelea yeye mwenyewe, na mapendekezo ni yale duka linamwambia hebu tazama na hivi. Mmoja anapenda, mwingine anapendekeza, kwa hiyo huwezi kuweka neno moja kotekote, mwenzako kakosea. Yote mawili yametoka kwenye penda, hilo halina ubishi. Tena mapendeleo nayaonea huruma kidogo kwa sababu ndugu yake upendeleo ana sifa mbaya mtaani, ukisema refa ana upendeleo hakuna anayeelewa kwamba refa kajaza fomu ya vitu anavyovipenda. Ila kwenye simu limeshazoeleka, liache. Na pendekeza zamani ilikuwa kufanya kitu kipendeze, ndo maana mpaka leo tunaye mtu wa kujipendekeza, yule wa kumbebea bosi mkoba, na ukiziangalia hizi aplikesheni zinavyokuamsha asubuhi na "tumekukumbuka, rudi uone ofa zako" unagundua lugha ilishajua tabia zao kabla hazijatengenezwa.

Haya. Sasa hilo lako. Yaliyobinafsishwa. Hapa nataka tukae kitako.

Mdogo wangu, wewe huenda ulikuwa hujazaliwa, lakini sisi wengine neno kubinafsisha tulilisikia redioni miaka ya tisini kila taarifa ya habari mpaka likatuingia kwenye mifupa. Kubinafsisha ilikuwa ni kuchukua kitu cha umma ukampa mtu au kampuni binafsi. Kiwanda cha bia, TBL, 1993, wakaingia Makaburu wa South African Breweries. Benki ya NBC ndo mfano ninaoupenda kuliko yote kwa sababu una mwanzo na mwisho: ilizaliwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, benki za watu zikataifishwa zikaunganishwa ikawa moja ya taifa, ikakaa hivyo miaka thelathini, 1997 ikagawanywa, humo ndo tukapata NMB, halafu mwaka 2000 hisa nyingi za hiyo NBC yenyewe zikauzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini. Hiyo ndo safari kamili ya neno: kutaifisha kule, kubinafsisha huku. Vuka mpaka Kenya, ni lilelile, Kenya Airways ilibinafsishwa 1996, muulize Mkenya yeyote wa umri wangu.

Sasa wewe unaniambia mapendekezo ya viatu yamebinafsishwa. Yalitaifishwa lini? Nani alikuwa waziri? Mwekezaji ni nani, na wafanyakazi wa zamani wa mapendekezo walilipwa mafao yao au nao bado wanafuatilia? Unacheka, lakini mtu mzima akisoma "tumebinafsisha ukurasa wako" kitu cha kwanza kinachomjia ni kwamba ukurasa wake umeuzwa, na kwa jinsi taarifa za watu zinavyozunguka siku hizi, huenda akawa amepatia kwa bahati mbaya.

Najua utaniambia maneno hupanuka. Kweli, yanapanuka, wala mimi sio mchawi wa maneno mapya. Pakua ilikuwa ni kutoa ubwabwa kwenye sufuria kuweka kwenye sahani, leo tunapakua mafaili na nyimbo na nilikubali siku ileile, manake hakuna anayechanganya, wali ni wali na faili ni faili. Lakini kubinafsisha bado iko kazini kwa maana yake ya kwanza, iko kwenye sheria, iko kwenye hotuba za bajeti. Sio neno lililostaafu hilo ukaliajiri upya. Halafu usikimbilie "mapendekezo ya kibinafsi" kama wengine walivyokimbilia, hayo ni mapendekezo ya siri, ya kuongea pembeni na meneja mlango ukiwa umefungwa.

Na hata tukiacha benki na bia, neno linadanganya kuhusu kazi yenyewe inavyofanyika, na hili ndo linaniudhi zaidi. Binafsi imetoka kwenye Kiarabu, nafsi yake mtu, peke yake. Haya, je hiyo mitambo ya kupendekeza inakutazama wewe peke yako? Thubutu! Watu wa Xerox kule California walipotengeneza Tapestry, mfumo wao wa kuchuja barua pepe, mwaka 1992, wazo lilikuwa watu wasaidiane kuchuja, mmoja akisoma ujumbe aweke maoni yake na mwenzake ayatumie. 1994 wakaja watafiti wa GroupLens, wasomaji wanazipa alama taarifa za Usenet, yale mabaraza ya mazungumzo ya mtandaoni ya zamani, na mfumo unabashiri wewe utaipa alama ngapi kwa kuwaangalia watu wanaofanana na wewe kwa alama zao. Amazon walipoeleza njia yao mwaka 2003 ilikuwa ni kuangalia vitu vinavyonunuliwa na watu walewale: umenunua jiko la gesi, wengi walionunua jiko wakabeba na regyuleta na mpira wake, basi unaletewa regyuleta. Sasa njoo kwa Netflix, wale wa filamu, hao walitangaza zawadi ya dola milioni 1 mwaka 2006 kwa yeyote atakayepunguza makosa ya ubashiri wao kwa asilimia 10, wakawapa washindani alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja wapatao 480,000 kwa filamu zaidi ya 17,000, na zawadi ikaja kuchukuliwa 2009. Yaani watu 480,000 wamekusanywa ili wewe uambiwe filamu ya Ijumaa usiku, halafu unasimama mbele ya wateja unasema hii ni binafsi! Hii ni shughuli ya mtaa mzima. Bila majirani mashine haikujui hata jina la kwanza.

Utaniuliza, lakini mwalimu, mwishoni si kila mtu anapata orodha yake tofauti? Ndiyo, na hapo ndo Kiswahili kina raha yake, kwa sababu hiyo "ya kwako wewe" sisi huwa hatuitafutii sifa ndefu nyuma ya nomino, tunaichomeka ndani ya kitenzi. Pika, mpikie. Leta, niletee. Chagua, tumekuchagulia. Basi, kazi imeisha, yule mteja yumo ndani humohumo kwenye -ku- na ile -li- karibu na mwisho inasema tumefanya kwa faida yake. Nenda Kariakoo kwa wauza kanga usikilize. Mama ana wateja wake, anajua huyu anapenda nyekundu na yule hataki kabisa kanga zenye maneno ya kuchokoza, mzigo mpya ukifika anapiga simu: "Dada, nimekuwekea doti moja ya aina yako, itakutoa hiyo, usichelewe." Nimekuwekea! Hajabinafsisha doti. Na "aina yako" yake imemaliza yale yote ambayo wenzetu wa sera za faragha wanayaita "maudhui yaliyowekewa mapendeleo", maneno ambayo nikiyasoma naona kama kuna mtu kaacha mapendeleo juu ya meza akasahau kuja kuyachukua.

Kwenye hizo sera lakini sitagombana. Naona kubinafsisha nako kumeshaingia kule, kamusi za baadaye zitaliandikia maana ya 2, na mimi sitakwenda mahakamani. Wanasheria waachiwe lugha yao. Ila kitufe anakisoma mama yangu.

Muktadha. Hilo ni zuri, litumie kwa moyo mweupe. Wataalamu wa balagha ya Kiarabu, yaani elimu ya kusema kwa ufasaha, walikuwa na msemo wao, muktadha wa hali, yaani kile ambacho hali yenyewe inakidai, kwamba maneno mazuri ni yale yanayolingana na hali ya msikilizaji. Na watafiti wa kompyuta Schilit na Theimer walipoandika mwaka 1994 kuhusu programu zinazojirekebisha kufuatana na mahali zilipo, watu na vifaa vilivyo karibu na jinsi hayo yanavyobadilika, walikuwa wanasema karibu kitu hichohicho kwa upande wa kompyuta. "Inatambua muktadha" ni sawa kabisa kwenye maelezo ya kitaalamu. Kwa mteja sema tu "inajua ulipo na saa iliyopo", ataelewa na pengine ataizima, ni haki yake.

Ila mkishaandika kwamba inatambua muktadha basi itambue kweli. Kuna programu moja siitaji, imejisifu hivyohivyo, ikaniletea arifa kwa Kiswahili safi: "Ni saa 7:00 asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, haya hapa mapendekezo yako." Saa saba asubuhi! Saa saba sisi tunakula ubwabwa wa mchana, au kama ni ya usiku basi tumelala. Ilijua niko Dar es Salaam, ilijua nanunua mkate siku gani, ilishindwa kutoa sita. Mwambie fundi wenu aangalie hilo kabla hajagusa kitu kingine chochote, asubuhi ya kifungua kinywa ni saa 1:00.

Kwa kitufe: sehemu anayochagua mteja andika "Mapendeleo yangu". Sehemu ya duka andika "Tumekuchagulia", na chini yake kwa herufi ndogo "Huenda ukavipenda na hivi". Usiandike "Unaweza kupenda", manake kupenda naweza tangu nikiwa mtoto, sikuhitaji ruhusa ya duka. Bosi akisema Tumekuchagulia ni refu halienei kwenye kitufe, mwambie lina herufi 14 na lile la kubinafsishwa peke yake, bila hata mapendekezo yake, lina 17.