Baba anapelekwa Eldoret kwa ajili ya moyo, na maswali mengine yenu

Barua nyingi safari hii ni za moyo. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, kisha nikawa binti aliyekaa kando ya kitanda cha baba yake. Majibu haya yanatoka pande zote mbili.

Baba yetu ana miaka 67. Daktari hapa Kisumu amemtuma Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, akapigwe picha ya mishipa ya moyo. Kaka zangu wanataka tumwambie anaenda kupimwa presha tu, asije akaogopa. Mimi sina amani. – Binti, Kondele

Mwanangu, mwambieni. Sisi tulimficha baba yetu vivyo hivyo. Alipovalishwa gauni la hospitali na kuletewa karatasi ya kutia sahihi, aliteremka kitandani akaomba suruali yake. Kazi ikaahirishwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alisema neno moja tu: "Tangu lini mimi ni mtoto wenu?" Bado linaniuma.

Mwelezeni kwa lugha anayoiotea ndoto, polepole, kwamba hawapasui kifua. Daktari hutia ganzi kwenye kifundo cha mkono, au wakati mwingine kwenye kinena, akapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye moyo. Mzee huwa macho. Dawa ya rangi hupitishwa kwenye mrija na mashine ya eksirei ikaonyesha damu inapita wapi na imebanwa wapi. Anaweza kuhisi joto likimpanda mwilini kwa sekunde chache, kisha linapita. Akijua mapema, halimtishi.

Ulizeni kabla ya siku yenyewe: wakikuta mshipa umeziba, watauzibua papo hapo kwa kiputo na kuweka stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi, au atarudi siku nyingine? Hilo inafaa baba alijibu mwenyewe kabla hajalala mezani.

Nendeni siku moja kabla. Mtu wa moyo aliyeambiwa asile hafai kuamka saa tisa usiku kuwahi matatu. Eldoret ni baridi kuliko Kisumu, kwa hiyo mbebeeni sweta na soksi. Mrija ukipitia mkononi, atafungwa kitu cha kubana pale kwa saa kadhaa. Ukipitia kinenani, atalala chali mguu ukiwa umenyooka kwa saa nyingi, na hapo ndipo mtakapohitajika: kumnywesha maji kwa mrija, kumshikia chupa ya mkojo, kumpigia hadithi asijaribu kuinuka. Mkiona damu inalowesha bandeji au pale panavimba, bonyezeni kwa nguvu na mwiteni muuguzi wakati huohuo. Nyumbani asishike jembe wala kuinua mtungi kwa siku chache, mpaka daktari amruhusu.

Mume wangu ana kisukari. Asubuhi ya kipimo kama hicho ameze metfomini? – Njoro, Nakuru

Asiamue yeye, wala wewe. Ile dawa ya rangi hutolewa mwilini na figo, na mara nyingi daktari husimamisha metfomini kwa muda, hasa figo zikiwa dhaifu. Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji, uziweke mbele ya daktari. Kama amewahi kuvimba au kuwashwa kwa sababu ya dawa yoyote, semeni kabla hamjaulizwa.

Mama aliwekewa vali ya chuma, yaani mlango wa moyo wa bandia, na anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dada yangu amemkataza mboga zote za kijani. Mama anasema bila mrenda hiyo si ugali. – Kakamega

Mama ana haki, na dada yako ana sababu. Mboga kama sukuma wiki, kunde na managu zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Lakini dawa hupimwa kulingana na mlo wa mtu. Kinachovuruga ni kubadilika ghafla: mwezi mzima bila mboga, kisha mvua inanyesha, kunde zinajaa shambani, anakula sahani mbili kila siku. Mpeni mboga zake, kiasi kilekile wiki hadi wiki, na mwambieni daktari anachokula. Halafu asikose kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Namba zake ziandikeni kwenye daftari moja, zenye tarehe, maana kadi hupotea.

Dawa ile ni ya maisha. Akiacha, damu inaweza kuganda kwenye vali na kumletea kiharusi. Ikizidi, atatoka damu. Kwa hiyo asinunuliwe dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa ajili ya magoti, na asinywe mitishamba kimyakimya. Choo kikiwa cheusi, au pua ikitoka damu isiyokoma, hospitali. Akianguka kwenye bodaboda akagonga kichwa, hospitali hata kama hana jeraha.

Mke wangu amefanyiwa upasuaji wa kufungua kifua wiki 3 zilizopita. Wageni wanajaa kutwa nzima, na jioni analia bila sababu. – Bungoma

Ndugu yangu, sababu ipo. Baada ya upasuaji wa moyo wengi huingiwa na huzuni, hukosa usingizi, hata wale waliokuwa hodari. Usimwambie ashukuru Mungu tu yuko hai, anajua. Kaa naye, na mwambie daktari kliniki ijayo. Ikizidi, au akisema hataki kuishi, usingoje kliniki.

Wageni najua ni vigumu kuwafukuza, hasa shemeji na mama wakwe. Weka muda wa saa moja tu wa kutembelewa, na wewe ndiye uliyekataa, si yeye. Mfupa wa kifua huchukua miezi 2 hadi 3 kuunga vizuri. Mtu asimvute kwa mikono kumwinua, na asimwachie mtoto wa kubebwa. Akitaka kukohoa, akumbatie mto kifuani. Kidonda kikitoa usaha, au akipata homa, mrudishe hospitali.

Tunataka kuitisha mchango wa upasuaji wa baba. Kaka aliye Nairobi anasema kwa kuwa ndiye analipa zaidi, ndiye ataamua hospitali. – Bondo

Kabla ya mchango, nendeni kwenye ofisi ya malipo hospitalini muulize SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani na nini kitabaki. Hakikisheni michango ya baba haina deni. Pesa zishikwe na mmoja. Daftari la maneno ya daktari lishikwe na mwingine. Ulizeni pia kama wanahitaji watu wa kutoa damu, na vijana wajitokeze mapema. Kaka yenu ashukuriwe kwa pesa zake. Hospitali ataichagua baba, baada ya kumsikiliza daktari wake.

Binti yangu wa miaka 12 anadungwa penisilini kila wiki 4 kwa sababu ya moyo. Viungo havimuumi tena. Tumwache apumzike? – Busia

La, dada. Nakusihi. Ugonjwa wake, homa ya rumatiki, huanzia kwenye maambukizi ya koo, na kila yanaporudi bila kinga, vali za moyo huweza kuharibika zaidi. Sindano ndiyo inayomlinda, na anajisikia vizuri kwa sababu haikukatizwa. Inauma, naijua, nimeidunga mara nyingi. Enda naye, mshike mkono, tia alama ya tarehe ijayo kwenye kalenda ya ukutani palepale mtakapofika nyumbani. Na mtoto mwingine hapo kwako akilalamika koo na homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.