Muulize Bwana Mifugo: Punda ana kidonda, askari wanacheka

Shikamoo mzee. Niko Kongwa, kila asubuhi napishana na mikokoteni ya maji na punda wana vidonda shingoni mpaka nzi wanajaa. Juzi nikamwambia kijana mmoja ampumzishe punda wake akanitukana, nikaenda kituoni askari wakacheka wakaniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Nasikia wewe umepigania sheria za wanyama miaka na miaka. Hivi hiyo sheria ipo kweli, na kama ipo imesaidia nini?
Msomaji, Kongwa

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuchekwa. Mi nimeanza kuchekwa nikiwa kijana wa josho na sasa nina mjukuu anaendesha boda, bado nachekwa, kwaiyo we zoea tu hicho ndo kitu cha kwanza. Cha pili ni kusubiri.

Sheria ipo. Inaitwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, kabla ya hapo tulikuwa tunahangaika na vipande vya sheria za enzi za mkoloni. Watu wakiisikia wanakimbilia kuuliza faini shilingi ngapi, ila mi kilichonifurahisha zaidi ni pale inapomtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia. Unaweza kuona ni maneno ya kupamba lakini sisi tuliozunguka na mafaili miaka yote ile tunajua uzito wake, maana likishaandikwa kwenye karatasi ya serikali kwamba punda anasikia maumivu, mtu hawezi tena kuja mbele ya hakimu akaongea kama vile punda ni tairi la mkokoteni.

Sasa imesaidia nini, hapo ndo pagumu. Kuna wakati nilipeleka picha za punda kwenye ofisi moja, nikaambiwa njoo jumatatu, nikaenda jumatatu nne, ya tano nikaambiwa punda mwenyewe keshakufa kwaiyo hakuna tena kidhibiti. Sikulala siku ile. Ila sikumchukia yule ofisa kwasababu ni huyo huyo mmoja wa chanjo, wa vibali vya kusafirisha ng'ombe, wa minada, alafu mtu anamletea habari ya kidonda. Askari wako wa Kongwa nae usimlaumu sana, yawezekana kabisa hajawahi kuishika hiyo sheria mkononi. We ichapishe, nenda nayo, safari hii ongozana na mwenyekiti wa kijiji na afisa mifugo wa kata, usiende peke yako.

Na kingine, hata lugha yetu yenyewe inampiga punda. Punda afe mzigo wa bwana ufike. Fadhila ya punda mateke. Mtoto anakua anasikia hayo utamwambia nini akiwa mkubwa? Mi nikienda vijijini huwa naanza na dini, msikitini nawakumbusha Mtume alivyomlaani aliyemtia punda chapa ya moto usoni, kanisani naomba wanisomee Mithali 12:10, "Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake". Hapo watu wanatulia. Ukianza na kifungu cha sheria wanadhani umekuja kuwatoza.

Lakini kuhusu vidonda hivyo vya shingoni, niulize kitu: hao punda wamefungwa nira ya ng'ombe? Naweka shilingi yangu kwamba ndo hivyo. Ng'ombe ana nundu, nira inakaa pale mbele ya nundu anasukuma. Punda hana nundu, yeye anavuta kwa kifua, ukimwekea lile gogo linamsugua ngozi mpaka mfupa na wala halalamiki, punda anaficha maumivu sana, ukiona amechechemea ujue ameumia muda. Anatakiwa mkanda mpana wa kifuani, hata wa gunia lililokunjwa au mpira wa tairi uliofunikwa kitambaa laini. Nitarudi hapa mwishoni.

---

Mzee habari. Mbona hii mambo ya machinjio ya punda yanafungwa yanafunguliwa? Kenya walifunga wakafungua, kwetu hivyo hivyo, sasa tunasikia Afrika nzima. Tuamini lipi?
Msomaji, Namanga

Nzuri ndugu yangu, na we uko mpakani unaona mengi.

Chanzo ni ngozi. Kuna dawa ya Kichina inaitwa ejiao, wanachemsha ngozi ya punda wanatoa kitu kama gundi. Punda wao wenyewe walikuwa kama milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakashuka sana, wakaanza kuangalia kwetu. Sasa punda sio kuku. Anabeba mimba mwaka mzima na zaidi, anazaa mmoja, kwaiyo hata ufanye nini huwezi kumfuga kwa kasi ya machinjio.

Kenya machinjio yalianza 2016, yakafika manne. Na hapo ndo wizi ukaanza, mama analala ana punda wanne wa kubeba maji anaamka hana hata mmoja, au anakuta mizoga porini imechunwa ngozi nyama imeachwa. Waliopiga kelele zaidi hawakuwa sisi watu wa semina, walikuwa wenye punda, na hasa akina mama, kwasababu punda akiibiwa maji yanarudi kichwani kwa mama. Februari 2020 waziri akapiga marufuku. Tukashangilia, mi nilinunua soda za mtaa mzima. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua ile marufuku. Soda zangu zikaenda bure.

Ndo nikajifunza kwamba amri ya waziri ni kama kufunga mlango kwa kamba, anakuja mwenye machinjio na wakili mzuri anaikata. Sisi huku Tanzania nasi tulifunga, tukafungua, mpaka Desemba 2022 kwenye mkutano wa punda wa Afrika uliofanyika hapa Dar serikali ikatangaza kusimamisha kwa miaka 10. Alafu Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15.

Uamini lipi? Hilo la Addis ni kubwa, sikutegemea kuliona. Lakini azimio la Addis halimkamati mtu Namanga. Kila nchi lazima iliingize kwenye sheria zake yenyewe, na miaka 15 ina mwisho wake, we hesabu tu, ni 2039, mi sitakuwepo lakini wenye biashara ya ngozi watakuwepo. Kwaiyo ukiona lori usiku, piga simu hata kama jana yake walikupuuza.

---

Mzee, kubeba kuku vichwa chini kwenye boda ni kosa? Bi mkubwa wangu anasema ndo njia yao toka zamani.
Msomaji, Mbagala

Mwambie bi mkubwa shikamoo yake kwanza. Kuku hana ule ukuta wa misuli unaotenga kifua na tumbo kama sisi, ukimning'iniza matumbo yote yanalalia mapafu, anahangaika kupumua safari nzima. Sheria inataka mnyama asafirishwe bila mateso yasiyo ya lazima. Tenga lipo, tena tenga ni la zamani kuliko boda.

---

Shikamoo mzee. Nasoma udaktari wa mifugo Morogoro mwaka wa tatu, natamani nikimaliza nifanye kazi ya kutetea sheria za wanyama badala ya kufungua duka la dawa. Wazazi wanasema nitakufa njaa. Inachukua muda gani kuona matunda?
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Wazazi wako hawajakosea sana, fungua na duka.

Kuhusu muda nikupe mfano mmoja wa Uingereza. Kulikuwa na mama anaitwa Ruth Harrison, hakuwa daktari wala mwanasheria, alisukumiwa kijikaratasi mlangoni kuhusu ndama wanaofungiwa kwenye vibanda, akakasirika akaanza kuchunguza, 1964 akatoa kitabu kuhusu ufugaji wa namna hiyo pamoja na kuku wa keji, yani wanaofungiwa kwenye vizimba vidogo vya waya. Serikali ikaunda kamati, 1965 kamati ikasema kila mnyama awe na nafasi angalau ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Geuka tu! Yani ilihitaji kamati nzima kusema mnyama aweze kugeuka. Humo ndo zilikotoka zile "haki tano" za ustawi wa mnyama mnazokaririshwa darasani. Alikaa kwenye vikao vya serikali miaka na miaka, wakati mwingine akiwa peke yake upande wake. Ulaya ikapitisha 1999 kwamba keji za zamani ziishe, mwenyewe akafariki 2000, na katazo lenyewe likaanza kufanya kazi 2012. Kitabu mpaka katazo ni miaka 48.

Na huku kwetu hizo keji wanazozitupa wao, sisi ndo tunazinunua tukidhani ni maendeleo. Hiyo kazi inakusubiri, tena ianze kabla hazijajaa kila ua, maana ni rahisi kuzuia mtu asinunue kuliko kumwambia atupe alichokopea benki.

Ila ukija likizo kabla ya yote nenda Kongwa, yule msomaji wa kwanza hapo juu nimeshamwomba namba yake. Nenda na tepu ya fundi cherehani, pima punda watano kifua, bega mpaka bega, alafu mtafute fundi viatu yeyote awatengenezee mikanda mitano, gharama leteni kwangu. Msimwambie yule kijana aliyetukana kwamba ni mambo ya sheria. Mwambieni punda wake atavuta madumu mengi zaidi, maana ni kweli. Baada ya wiki tatu nitumieni picha za shingo.