Mkitaka kutoa riwaya ya picha mtandaoni, pangeni kwa kufuata mkono wa mchoraji

Vikundi vingi vya marafiki wanaotaka kutoa hadithi ya katuni mtandaoni huanzia kwenye hadithi yenyewe. Mmoja anasimulia, wengine wanaongeza, na usiku mmoja tu mnajikuta na falme mbili, vita, mapacha waliopoteana na sura arobaini. Hiyo ni raha na msiinyime nafasi. Ila kabla hamjamwambia mchoraji ashike kalamu, muulizeni swali moja: anaweza kumaliza kurasa ngapi kwa wiki bila kuathiri kazi inayomlisha?

Akisema ukurasa mmoja, basi kwa mwaka ni kurasa 52, na hapo hajaugua, hana mitihani, wala hajasafiri kwenda msibani. Hadithi ya kurasa 200 itawachukua karibu miaka minne. Marafiki wachache sana hubaki kwenye kundi moja la WhatsApp wakiwa na ari ileile kwa miaka minne. Mwandishi akiandika "jeshi la watu elfu moja linashuka ufukweni", ametumia nusu dakika. Mwenzake atainamia meza wiki nzima. Kwa hiyo kila uamuzi mtakaoufanya, kuanzia urefu wa hadithi mpaka mgawanyo wa fedha, upimwe kwa saa za yule anayechora. Hilo ndilo ninaloliamini kuliko ushauri mwingine wowote kuhusu kazi hii.

Sisi tuko wanne, Dar es Salaam. Mimi naandika, mmoja anachora, mmoja anapaka rangi, na wa nne anaweka maneno na kupandisha sura mtandaoni. Hadithi yetu inatokea Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alifika pale katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Tulikuwa na mawazo ya kujaza vitabu vitatu. Tukachukua kisa kimoja tu, cha binti wa fundi wa mitepe, vile vyombo vya baharini vya kushonwa, tukakipa kurasa 48 na mwisho wake. Nawasihi nanyi muanze na kisa kinachokwisha. Msomaji akishaona mmemaliza kimoja, atawaamini na cha pili.

Amueni mapema pia msomaji atasomea wapi. Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, na kwenye simu kidole kinasukuma kwenda juu, fremu moja baada ya nyingine. Wakorea walilijua hilo zamani, kampuni yao ya Naver ilianza kutoa katuni za namna hiyo mwaka 2004. Sasa, simu ni nyembamba. Baraza la wazee wanane waliokaa mkeka mmoja halienei humo. Inachokipenda ni uso wa mtu mmoja, au kitu kinachoshuka. Pale Husuni Kubwa, jumba la yule Sultani, kuna ngazi zinazoteremka hadi ufukweni. Hizo ngazi ni kama zilijengwa kwa ajili ya simu. Mchoraji wetu alizipa fremu moja ndefu, binti anashuka, msomaji anashuka naye. Lile bwawa la pembe nane la jumba hilohilo lilitusumbua zaidi, mpaka alipolichora kama linavyoonekana kutoka juu. Kama mna ndoto ya kuchapa kitabu baadaye, chora kwa upana wa pikseli 1600 au zaidi na mpandishe nakala ya pikseli 800, kwa sababu picha iliyochorwa ndogo haikuzwi ikabaki safi. Na fremu zile ndefu sana ziwe chache, maana kwenye ukurasa wa kitabu zitawatesa.

Jambo linalosahaulika na wengi wanaojifunza kwa kutazama katuni za nje ni urefu wa maneno yetu. "Nitakapokukumbusha" lina herufi 18, nalo ni neno moja tu. Liweke ndani ya kiputo, lile duara la maneno ya mhusika, kwenye skrini ya simu uone linavyosukuma kichwa cha mhusika pembeni. Kwa hiyo kwetu maneno huwekwa kwenye rafu, yaani mchoro wa harakaharaka wa kupanga ukurasa, kabla ya penseli. Anayeweka maneno anachora viputo vyake kwanza, kisha mchoraji anapanga watu kuvizunguka. Mimi mwandishi nimejiwekea mpaka wa maneno 15 kwa kiputo, na yakizidi nakata au nagawa viputo viwili. Neno likilazimika kukatika, likatike kwenye silabi, "nitakapo-kukumbusha", na kamwe msitenganishe "mb", "sh" wala "ng'". Jaribuni fonti yenu kwa kuandika "ng'ombe" kabla ya kuichagua, kwa sababu baadhi ya fonti hugeuza ile alama au huiachia nafasi kubwa mno. Soma pia leseni yake. Fonti nyingi za bure ni za bure kwa matumizi binafsi tu, siku mkianza kuuza zinadaiwa.

Hadithi za zamani zina kazi yake nyingine, nayo ni ya mwandishi: faili la marejeo. Kila saa ambayo mchoraji anatafuta mlango ulifananaje ni saa ambayo hachori. Mimi hukusanya picha na maelezo ya kila sura kabla sijamkabidhi skripti. Na hapo ndipo utagundua ni mambo mangapi tunayoyadhania ya kale kumbe ni ya juzi. Soko la Kilwa la mwaka 1331 halina mahindi, mihogo, nyanya wala pilipili za kuwasha. Vyote hivyo vilitoka Amerika, na meli za Columbus hazikufika huko mpaka 1492. Wekeni mtama, mchele, nazi na samaki. Mwanamke asivae kanga, kanga ni ya karne ya 19. Milango ya Unguja yenye vifundo vya shaba tunayoipenda kwenye picha, mingi nayo ni ya karne ya 19. Nyumba za wenye uwezo ni za matumbawe na chokaa. Chombo baharini ni mtepe, mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari, na tanga lake ni la mkeka. Wasomaji wa pwani wana macho makali na wanastahili kuona tumejali.

Ratiba yetu ina sheria moja ambayo kila mmoja ameikubali: mabadiliko ni bure mpaka kwenye rafu. Skripti inasomwa na wote wanne, rafu inatazamwa na wote wanne, hapo sema lote ulilonalo. Ikishaingia penseli, anayetaka badiliko anamwomba mchoraji. Baada ya wino hakuna anayeomba tena, isipokuwa kuna kosa la ukweli, kama mahindi sokoni. Urafiki wetu umelindwa na sheria hiyo kuliko na upole wetu.

Vifaa havinipi maneno mengi. Programu ya kuchorea ya Krita ni ya bure kwenye kompyuta, ibisPaint inatosha kwenye simu. Msitumiane kurasa kama picha za kawaida za WhatsApp, zinabanwa na kupoteza ubora. Zitumeni kama faili, na nakala ikae kwenye folda moja ya Google Drive yenye majina yanayoeleweka, mathalani "sura02_uk05_wino". Kila mhusika awe na karatasi yake ya mbele, ubavu na nyuma, pamoja na namba za rangi zake, ili kilemba cha sura ya kwanza kisibadilike rangi katika ya nne.

Msipandishe sura ya kwanza mpaka muwe na akiba. Sisi tulitaka sura sita kabatini kabla ya kufungua, na tukachagua kutoa kila baada ya wiki mbili. Watu wanasoma kwa bando, hivyo tunajitahidi sura isizidi megabaiti 3. Mlioko Tanzania na mnaotaka tovuti yenu wenyewe, someni kwanza kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za maudhui mtandaoni.

Halafu kuna karatasi. Wengi huona aibu kuidai kwa marafiki, nami nasema marafiki ndio hasa wa kuandikiana. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ya waandishi kwa pamoja inalindwa hadi miaka 50 baada ya kufariki yule wa mwisho. Maana yake hata watoto wenu watairithi, pamoja na migogoro yake kama hamkuandika. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanasajili kazi, na Kenya kuna bodi yao ya hakimiliki, KECOBO. Andikeni nani ana asilimia ngapi, nani anaruhusiwa kuuza, na sura ya mhusika ni ya nani mmoja akiondoka. Kwetu mchoraji ana asilimia 40 na sisi wengine 20 kila mmoja, kwa sababu saa zake zinazidi zetu na kila mtu analiona hilo. Tumetia sahihi nakala nne. Kifungu cha mwisho kinasema mchoraji akihitaji kupumzika, zitatoka sura zilizo kwenye akiba, zikiisha tutawatangazia wasomaji mapumziko, na hakuna atakayemwita mchoraji mwingine bila yeye kuridhia kwa maandishi.