Maswali ya Wasomaji: Giza la Wino Katika Katuni za Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya matanga ya baba yetu tulifungua sanduku lake la bati, ambalo lilikaa chini ya kitanda tangu nikiwa mtoto. Tulikuta humo magazeti ya katuni za kutisha na za mikasa kutoka Marekani, ambayo aliyakusanya enzi zake za kazi melini. Machache yana rangi, lakini mengi ni yale makubwa ya nyeusi na nyeupe yenye jina la Creepy. Mdogo wangu anasema ni michoro ya kitoto na kwamba simu yake ina picha nzuri zaidi. Mimi nikiyafungua usiku naogopa vilevile kama nilivyoogopa nikiwa darasa la nne. Kwa nini michoro isiyo na rangi inatisha kiasi hiki? Na je, ni upuuzi mtu wa miaka hamsini kuipenda? — Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi: si upuuzi hata kidogo. Unachokipenda ni kazi ya mkono uliojua kuutawala wino, na kazi ya namna hiyo haina umri.

Kuhusu hofu, wewe ni mtu wa Kirumba, kwa hiyo bila shaka umewahi kusimama ufukweni usiku wa giza ukitazama wavuvi wa dagaa. Mvuvi anapoiinamia karabai, uso wake humulikwa kutoka chini: kidevu, matundu ya pua na ukingo wa paji huonekana, huku macho yakizama gizani. Pengine ni jirani yako unayesalimiana naye kila asubuhi, lakini kwa dakika ile humtambui. Wachoraji wa katuni za kutisha waliielewa siri hiyo kikamilifu. Walichagua taa moja, wakaiweka mahali pasipotarajiwa, kisha wakajaza wino mweusi kila pahali ambapo mwanga haukufika. Kile walichokiacha gizani msomaji alikimalizia mwenyewe kwa hofu zake, na ndiyo maana kinakutisha hadi leo.

Ufundi huo ulikomaa kwanza katika katuni za mikasa. Katika miaka ya 1930 Noel Sickles na Milton Caniff, waliokuwa wakitumia chumba kimoja cha kazi mjini New York, walianza kuchora marubani na maharamia kwa brashi iliyolowa wino badala ya kutegemea mistari mingi myembamba ya kalamu. Njia hiyo iliokoa muda, jambo kubwa kwa mchoraji ambaye katuni yake lazima itoke gazetini kila siku, lakini faida yake kubwa zaidi ilikuwa kwamba picha ilipata uzito, hata msomaji akahisi hewa ya usiku na unyevu wa bandari. Hal Foster, aliyeanza katuni ya Prince Valiant mwaka 1937, alikwenda njia nyingine ya mstari wenye subira, na ngome zake zinastahili kutazamwa jiwe kwa jiwe.

Mwaka 1950 EC, kampuni ya New York iliyochapisha katuni, ilianza kutoa magazeti matatu ya hadithi za kutisha, na hapo ndipo wino ulipofika kilele. Graham Ingels, aliyetia sahihi ya “Ghastly”, alichora nywele zilizonata, midomo inayodondosha mate na nyumba zilizooza mbao kwa mbao. Johnny Craig alikuwa kinyume chake: mistari yake ni safi, sebule zake zimepangwa vizuri, na kwa maoni yangu unadhifu huo ndio unaoumiza zaidi uovu unapoingia mlangoni. Hata hivyo, kazi ninayoirudia kuliko zote ni hadithi ya Master Race ya mwaka 1955, iliyochorwa na Bernard Krigstein. Ina kurasa nane tu. Mwishoni mtu anaanguka mbele ya treni ya chini ya ardhi, na Krigstein aliikata sekunde hiyo kuwa fremu nyembamba nyembamba, akarudia nyuso za abiria madirishani mwa behewa linalopita kasi, hata jicho la msomaji likawa ndilo linaloendesha treni. Sijaona picha tulivu yenye mwendo kama ule.

Mwaka 1954 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilisikiliza malalamiko dhidi ya katuni, na wachapishaji wakajiwekea kanuni zilizopiga marufuku wafu wanaotembea na hata neno la “kutisha” katika jina la gazeti. Kanuni hizo zililenga vitabu vidogo vya rangi. Mchapishaji James Warren alipoanzisha Creepy mwaka 1964, alilitoa kwa umbo la gazeti kubwa la nyeusi na nyeupe ili lisiguswe nazo, akawaita baadhi ya wachoraji wa zamani wa EC, wakiwemo Reed Crandall na Al Williamson. Kwa hiyo magazeti ya baba yako hayakupungukiwa rangi kwa bahati mbaya. Wino uliachiwa ubebe kila kitu, nao ukabeba. Rangi ilibaki kwenye jalada: ukikuta lile lenye sahihi ya Frank Frazetta, tazama jinsi kiwiliwili kinavyojitokeza kutoka katika ukungu wa rangi za mafuta.

Mdogo wako mpe gazeti moja usiku umeme ukikatika, akae nalo kando ya koroboi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Katuni zangu za zamani zimegeuka njano na kingo zinamegeka. Nizifanyie laminesheni? — Msomaji, Bukoba.

JIBU: Marahaba. Tafadhali usifanye hivyo, kwa sababu kazi ya joto lile haiwezi kutenguliwa, na asidi iliyomo katika karatasi inabaki imefungiwa ndani. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ambazo zina lignini, yaani dutu inayoupa mti ugumu, na hiyo ndiyo inayogeuka njano ikikutana na mwanga na hewa. Usitumie selotepu pia, maana gundi yake huacha madoa. Yalaze magazeti bapa ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, mbali na dirisha na ukuta unaolowa mvua, juu ya rafu ambayo mchwa hawaifikii kwa urahisi. Huko kwetu ziwani unyevu ni adui mkubwa, kwa hiyo wakati wa masika fungua boksi kila wiki uangalie ukungu na wadudu, na gazeti lolote lenye ukungu litenge na mengine siku hiyohiyo.