Fuawe ya kale: uso wa feleji utashika?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya kufua majembe na visu. Nataka kujitengenezea fuawe, pande la kufulia chuma juu yake, kama za wahunzi wa Ulaya ya zama za kati, kwa mkono, bila mashine ya kuchomelea. Nimepata pande la chuma laini, sentimita 15 kila upande, na majani ya springi ya lori ya kuweka juu yawe uso wa feleji, yaani chuma kigumu. Moto wangu ni wa mkaa na feni. Je, uso utashika? Na ile pembe ya mbele niifueje?

JIBU: Marahaba. Pembe iache. Fuawe yenye pembe nene na kiuno chembamba, ile inayochorwa kwenye nembo, ni umbo lililoenea kutoka viwanda vya Uingereza karne ya 18 na 19. Mhunzi wa zama za kati mara nyingi alifua juu ya pande la mraba tu, au kipande kidogo chenye mkia uliochongoka na kupigiliwa kwenye gogo. Kule Gotland, Sweden, mwaka 1936 mkulima aliyekuwa akilima aliibua sanduku la zana la fundi wa zama za Waviking. Ndani mlikuwa na zana zaidi ya 200, na fuawe zake ni ndogo, unazibeba mkononi. Chuma kilikuwa ghali. Hata wahunzi wetu wa zamani walitumia jiwe gumu kwa kazi nzito na hakuna aliyewacheka.

Sasa uso. Pande lako lina kilo 26 na ushee. Kuunga kwa moto, yaani kupiga vipande viwili vyenye moto mkali mpaka vishikane, kunataka chuma laini kifike karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi, na si ngozi ya nje tu. Hapo ndipo wengi hudanganyika: pande linang'aa jeupe nje huku moyo wake bado mwekundu, na ukilitoa, moyo unanyonya joto la uso kabla hujainua nyundo. Kwa mkaa na feni moja sidhani utafika. Waliofanya kazi hii walikuwa na mivukuto mikubwa, wapigaji nyundo kadhaa, na tangu karne ya 12 hivi baadhi ya karakana zilikuwa na nyundo zinazoendeshwa na maji ya mto.

Tatizo la pili ni springi yenyewe. Springi nyingi za lori zimechanganywa na madini ya kromi, na kromi ikipata moto huota utando ambao boraksi (unga wa kusafishia chuma kinapoungwa) haiuyeyushi kirahisi. Utapiga, itaonekana imeshika, na baada ya mwezi itabanduka kama ganda la muwa. Kinachounga vizuri ni feleji ya kaboni isiyochanganywa na kitu.

Ukiamua kujaribu hivyo hivyo, kumbuka feleji huungua mapema kuliko chuma laini. Pasha pande na bamba la feleji katika mioto miwili, pande lipate joto kali zaidi. Cheche nyeupe zikianza kuruka kwenye feleji, umeshachelewa. Safisha magamba, mwaga boraksi, laza bamba juu ya pande lililokaa chini (maana hapo pande ndilo fuawe ya uso wake wenyewe), kisha pigeni haraka mkianzia katikati kwenda kingoni ili uchafu ulioyeyuka utoke nje. Mkianzia kingoni mnaufungia ndani. Pande lishikwe kwa nondo nene iliyochomekwa kwenye tundu la ubavuni. Fuawe nyingi za kale bado zina matundu hayo, na watu hudhani ni ya kufungia bolti.

Usije ukashawishika kuchomelea bamba kwa umeme pembeni tu. Katikati hubaki hewa, na kila pigo linaishia humo.

Ningekuwa wewe ningetafuta chuma cha kipande kimoja chenye kaboni ya wastani, kile wauza chuma wanachokiita C45, upande sentimita 7, urefu sentimita 14. Hicho ni kilo 5 na kidogo. Moto wako unakiweza. Fua nusu ya chini iwe mkia, mtu mmoja akigeuza na wawili wakipiga nyundo za kilo 4, na ukirudishe motoni kila kikianza kuwa chekundu cha kufifia. Hakuna cha kuunga, na umbo ni la zama za kati kweli. Pande lako kubwa litumie chini yake wakati wa kazi hiyo.

Kukomaza uso, yaani kuufanya mgumu kwa moto na maji, ndiko kunakohitaji akili. Pasha mpaka sumaku isishike, ongeza kidogo, basi. Usikitumbukize kwenye pipa la maji yaliyotulia: mvuke hujikusanya usoni kama blanketi na chuma hakikomai. Mwagia maji mengi kutoka juu, kwa bomba lenye nguvu, usoni peke yake. Moyo ukiwa bado na moto, simamisha maji, sugua uso kwa jiwe ung'ae, utazame rangi ikipanda. Ikifika ya nyasi kavu, karibu nyuzi 230, poza moja kwa moja. Ukiiacha ifike buluu, uso umelainika, rudia.

Kingo zisiwe kali, zizungushe milimita 3 hivi kwa tupa kabla ya kukomaza. Ukingo mkali uliokomaa humeguka, na kipande chake kinaruka kwa usawa wa macho. Miwani.

Ukishamaliza, chukua gololi ya beringi, iangushe kutoka urefu wa kiganja, sehemu mbalimbali za uso. Panapokomaa inaruka juu karibu ilikotoka. Panapolala kimya, hapo maji hayakufika.