Maswali ya Wasomaji: Sauti Nne Bila Kinanda

SWALI: Tuko vijana wanne wa kwaya, Kirumba, Mwanza. Tunajaribu kuimba kama kwateti (makundi ya sauti nne) za zamani za injili za Wamarekani Weusi, bila vyombo. Tukianza G, ubeti wa tatu ukiisha tumeshuka nusu toni. Halafu sauti zetu hazibanani, tunasikika kama kwaya ya kila Jumapili. Tunakosea wapi?

JIBU: Tuanze na kubanana. Sauti tatu za juu zikae ndani ya oktavu moja (do hadi do inayofuata), besi pekee aachwe chini. Kiongozi hashiki noti ya juu kabisa; mwimbaji wa tenor ndiye anayekaa juu yake. Do ikiwa G, besi aimbe do ya chini, baritoni do inayofuata juu, kiongozi mi, na tenor so. Wengine washikilie, baritoni ashuke toni nzima hadi F. Mtasikia sauti zikisuguana na kutaka kwenda fa. Utamu uko hapo. Kwa hiyo baritoni apewe mwenye sikio kali kuliko wote, asiwe yule aliyekosa nafasi kwingine.

Kushuka kwenu, mshukiwa wa kwanza ni noti inayorudiwa: kila mara inalegea kidogo. Irudieni kama mnaipanda. Msimsahihishe mwenye mi kwa kinanda, maana mi safi ya sauti tupu iko chini ya ile ya kinanda kwa takribani 14 ya mia ya nusu toni. Pimeni do ya besi kila ubeti unapoisha. Ikiwa bado inashuka, pokezaneni pumzi, kisha jaribuni kuanzia nusu toni juu.

Angalieni pia midomo. Kwenye “Yesu”, mmoja akiipanua “e” na mwenzake akiibana, hamtaungana hata noti zikiwa sahihi. Na mazoezi yafanyieni chumbani. Juu ya mawe ya ziwani upepo unammeza besi, naye ataanza kupiga kelele.

SWALI: Pichani kundi la injili la Soul Stirrers wako watano. Mbona waitwa kwateti? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Jina linahesabu sauti, halihesabu vichwa. Kundi hilo kutoka Texas liliweka viongozi wawili wa kupokezana. Mmoja akitoka mbele kuhubiri kwa wimbo, nyuma yake hubaki wanne, na sauti nne zinatimia bila pengo.