Mwanangu, mwili wako bado una kazi

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu, na baba yako anauliza kama ile ada ya maabara ulishalipa.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza: "Mama, nina miaka 21, si nimeshamaliza kukua? Mbona kila ukipiga simu swali la kwanza ni nimekula nini?" Chini yake ukaongeza kwamba tangu uingie chuo umenenepa kilo sita, kwamba ukipanda ngazi unapata kizunguzungu, na kwamba wenzako wa hosteli wanakunywa chai ya kukata tumbo nawe unafikiria kuianza. Mambo hayo hayajibiki kwa simu ya dakika mbili, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwa urefu umemaliza, hilo kweli. Mifupa haitarefuka tena. Lakini kujaa madini bado inajaa, mpaka unapokaribia miaka 30. Baada ya hapo ile akiba huanza kupungua polepole, na kwa sisi wanawake hedhi ikikoma inapungua kwa kasi. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewapokea wamama wengi walioteleza uani tu, hatua mbili kutoka kisimani, wakavunjika nyonga. Akiba ya mifupa ile iliwekwa au haikuwekwa walipokuwa na umri kama wako. Mtu mzima wa rika lako anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa inakupa karibu 300. Dagaa unaowatafuna na mifupa yao wana kalsiamu, na ulezi unazipita nafaka zetu nyingine kwa hilo. Ubongo nao haujamaliza. Sehemu yake ya mbele, inayopima kesho kabla ya kuamua la leo, ndiyo ya mwisho kukomaa, nayo inaendelea mpaka katikati ya miaka ya ishirini.

Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, aliandika kwamba umri wa miaka 18 hadi 25 ni kipindi cha peke yake: mtu ameshatoka utotoni lakini hajaingia sawasawa kwenye utu uzima, bado anajaribu masomo, kazi, marafiki na mahali pa kuishi. Alikuwa akiwatazama vijana wa kwao. Hapa Tanga kijana wa miaka 20 huenda tayari ana mke na anavua usiku kucha alipe deni la mashine ya boti, na mabinti wa umri wako nakutana nao kliniki wakiwa na mimba ya pili. Hao hawakupewa muda wa kujaribu. Wewe umepewa, nami nashukuru. Umo hasa ndani ya maelezo ya yule bwana: uko mbali na nyumbani, unalala kitanda cha hosteli, bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka una hela wiki mbili, likikata unahesabu mia mia.

Ninachokitazama mimi katika umri huo ni kwamba hakuna tena anayekupakulia. Hapa nyumbani ulikula kilichopikwa, saa iliyopangwa, na usipokula utaulizwa. Sasa unachagua wewe, mara tatu kwa siku, na unachokizoea miaka hii ndicho utakachowapikia wanao. Ndiyo sababu nakuuliza umekula nini.

Sasa hizo kilo. Ulisema una kilo 61 na urefu wako ni sentimita 158. Chukua uzito, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu uleule, utapata kama 24.4. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25. Hujazidi. Uko karibu na ukingo, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kurekebisha unavyokula, lakini huna sababu ya kujitesa. Kama unataka kipimo kingine, zungusha utepe wa fundi kiunoni: kwa mwanamke, ukipita sentimita 80 anza kujiangalia zaidi.

Ile chai iache. Nyingi ya chai hizo zina sena, jani linalochochea utumbo mkubwa. Chakula kinapofika huko, nguvu yake karibu yote ilishanyonywa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachotoka ni maji na chumvi za mwili pamoja na potasiamu, ambayo moyo unaihitaji upige sawasawa. Mafuta ya tumboni yanabaki palepale. Mizani itashuka leo, ukinywa maji itarudi kesho, na utumbo ukizoea kuchochewa unaweza kuwa mvivu wa kufanya kazi wenyewe. Msichana anayewauzia wenzako anajua picha za kabla na baada, hajui tumbo lako.

Na ile mnayoiita pasi ndefu, mlo mmoja saa tisa basi mpaka kesho, usiniambie ni kama kufunga. Ramadhani ina daku, ina futari, na ina saa zake. Wewe unaamka na kikombe cha chai ya rangi, unashinda darasani mpaka huo mlo wa saa tisa, jioni unanunua soda, halafu saa nne usiku unakula chipsi mayai sahani nzima kwa sababu umeshindwa kuvumilia. Hapo ndipo kilo zinapoingia. Soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingefaa zaidi ikiishia 25. Chipsi sikukatazi. Kula Ijumaa na wenzako, kwa kachumbari, ufurahi, lakini zisiwe ndiyo chakula chako cha kila usiku.

Kizunguzungu ndicho kilichoninyima usingizi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Karibu nusu, mwanangu, na wengi wanatembea nao wakidhani ni uchovu wa kazi. Kila mwezi unapoteza madini ya chuma kwa hedhi; mwanamke wa umri wako anahitaji zaidi ya mara mbili ya anachohitaji mwanamume, nawe unakula chini ya kaka yako. Nenda zahanati ya chuo wakupime wingi wa damu. Ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, una upungufu. Usinunue vidonge kabla ya kipimo, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa minyoo, malaria au hedhi nyingi kupita kiasi, na kila kimoja kina dawa yake.

Wakati huo huo rekebisha hili dogo: chai usinywe pamoja na chakula. Chai inazuia mwili kunyonya chuma cha maharage na mboga za majani. Subiri kama saa moja hivi. Badala yake kula chungwa, maana vitamini C inafanya kinyume chake, inasaidia kile chuma kiingie. Mchicha, maharage na chungwa la Muheza, kwa bei ya soda mbili tatu. Ukipata samaki au nyama, hata kipande, chuma chake kinaingia kwa urahisi zaidi.

Kuna jingine, na sikuambii kukuharakisha kuolewa. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, kabla mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kinachohitajika ni foleti, aina ya vitamini B, na inatakiwa iwemo mwilini mapema: unaipata kwenye mbaazi, kunde, mboga za majani, na kwenye unga wa viwandani ulioongezewa virutubishi. Nimewashika watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana hata binti asiye na mpango wa mtoto namwambia.

Usingizi nitaupita haraka. Kijana wa umri wako mwili wake unachelewa kutaka kulala, hiyo ni hali ya umri. Lakini hicho kinywaji cha kopo cha kukeshea, ukikinywa saa tatu usiku, karibu nusu ya kafeini yake bado iko kwenye damu saa nane. Na asiyelala vya kutosha huamka na njaa isiyo ya kweli.

Najua mtungi wa gesi hosteli hawaruhusu. Basi fanya hivi: asubuhi usitoke bila kitu, hata mayai mawili ya kuchemsha na ndizi, au mtindi na karanga. Ukipata mama lishe anayepika mbaazi za nazi kama zetu, kula kwa raha, ila muulize kama anatumia tui jepesi. Mchana mwambie akupunguzie wali akuongezee maharage na mboga. Hatakukatalia, akikuzoea atakuwekea kabla hujasema. Bumu likitoka, siku hiyo hiyo mlipe chakula cha mchana cha wiki nne mbele. Hela ikiwa imeshalipwa, njaa ya saa nne usiku haitakuwa na cha kuamua.

Jumamosi nitaweka mzigo kwenye basi la asubuhi: unga wa ulezi, karanga za kukaanga, dagaa waliokaushwa vizuri, na machungwa. Kondakta atakupigia akifika, usimfanye akusubiri. Na ukishapima damu nitumie namba yenyewe iliyoandikwa kwenye karatasi, maana nikipata "niko sawa mama" nitapanda basi nije.

Mama yako